Zuwena na Wasomaji wa Picha ya Ndege

Jumamosi ile Zuwena alipompasua Melkiori kwa chupa ya soda, walikuwa wamekaa kuzungumzia kitabu. Hakuna aliyekuwa amelewa, wala hawakuwa na ugomvi wa zamani. Walikuwa watu wanne tu waliozoea kukutana mara moja kwa mwezi barazani kwa Mama Elinipa, pale Picha ya Ndege, Kibaha, wakasoma riwaya na kubishana mpaka jua lipoe.

Mama Elinipa alikuwa nesi. Alipostaafu nyumba ilimwia tupu, akaanza kuazima watu vitabu vyake kwa sharti moja: ukirudisha, ukae mzungumze. Zuwena alimfahamu kwa kumshonea sare wajukuu zake, kwa maana alikuwa fundi cherehani pale Mailimoja. Melkiori, mtu wa Rombo aliyehamia zamani, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara, na alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kupigia kelele vibarua. Wa nne alikuwa Khalfani, karani wa ofisi ya serikali, kijana mpole, ila akishapata hoja haiachi.

Riwaya ya mwezi ule ilikuwa ya watoto wawili, Sudi na Kilua, waliokulia kwenye mashamba ya mkonge. Walilala kitanda kimoja, wakala sahani moja, wakaibiana hata ndoto. Walipokuwa vijana, Kilua akazushiwa kwamba kaiba mbuzi, umati ukamuua. Sudi aliona yote akiwa amejificha nyuma ya gala. Sehemu iliyobaki ya kitabu ni Sudi na maisha yake bila Kilua.

"Mwoga," Khalfani alisema. "Rafiki yako anauawa, wewe unachungulia? Mimi ningetoka."

"Ungetoka ukafe naye," Melkiori akadakia. "Sudi alikuwa na akili. Tena mimi huyo Kilua simwamini. Mwandishi anatuficha tu. Watu hawakusanyiki bure wakampiga mtu. Kuna kitu alifanya."

Zuwena alikuwa hajasema neno tangu afike. Aliweka kitabu chini.

"Kaka Melki, rudia ulivyosema."

"Nasema hivi, dada. Mwizi akifa, mtaa unapumua. Huo ndio ukweli, na mnaujua."

Hakuna aliyeona mkono ulivyoinuka. Waliisikia chupa ikigonga mfupa juu ya nyusi, kisha ikaanguka sakafuni, ikapasuka. Damu ilimfumba Melkiori jicho. Akasimama kama mtu aliyemwagiwa uji wa moto, akarusha ngumi bila kuona anakoirusha, ikamkuta Zuwena mdomoni ikambwaga kwenye vyungu vya maua. Zuwena hakulia. Aliokota kipande cha chupa akamrudia. Khalfani akamdaka kiunoni, kipande kikamchana Khalfani kiganja badala ya kumfikia Melkiori shingoni.

"Ndani ya nyumba yangu!" Mama Elinipa alipiga kelele. "Zuwena, tupa hicho! Melki, kaa chini kabla sijakukalisha!"

Sauti ile iliwahi kutuliza wodi nzima. Zuwena akatupa chupa. Melkiori akakaa.

Jeraha lilikuwa limefunguka mpaka weupe wa mfupa unaonekana. Mama Elinipa aliingia ndani akarudi na kopo la vifaa vyake vya zamani, akavaa miwani, akatunga uzi.

"Ganzi sina," alisema. "Shika hiyo meza."

"Nipelekeni hospitali, mama."

"Hospitali wataanza kwa kukuuliza nani kakufanyia hivi. Unataka kujibu?"

Melkiori alimtazama Zuwena kwa jicho moja, akashika meza. Sindano ilipoingia mara ya kwanza alitukana kwa Kirombo. Na hapo ndipo Zuwena, akiwa ameketi sakafuni kwenye udongo wa maua, mdomo umevimba, alianza kusema. Melkiori hakuwa na jinsi ya kuondoka. Kichwa chake kilikuwa mikononi mwa Mama Elinipa.

Alisema juu ya Mwishehe. Walikulia Chole, huko Kisarawe, nyumba zao zikitenganishwa na ua wa makuti. Wazazi walipowatuma kuamia mpunga, walirushia nyani mawe mpaka mabega yakauma, kisha wakalala kidunguni, kwenye jukwaa la kulindia shamba, miguu ikining'inia. Binamu mmoja alipomwita Mwishehe mtoto wa kuokota, Zuwena alimpasua kichwa kwa mchi. Alipovunja ungo wakamweka ndani, marufuku kuonana na mwanamume yeyote, Mwishehe alitoboa ukuta wa udongo kwa msumari, akawa anampenyezea mabibo, moja moja, yakifika yamebonyea. Watu walidhani wataoana. Wao wenyewe hawakuwahi kulifikiria hilo. Kila mmoja alioa na kuolewa kwingine, na urafiki ukabaki ulivyokuwa.

Baadaye wote wawili walihamia Kisarawe mjini. Zuwena alishona kwenye kibaraza cha duka, Mwishehe akaendesha pikipiki ya mtu. Siku moja mchana alimpakia abiria asiyemjua. Abiria yule alikuwa ametoka kumchoma kisu mwenye duka na kumpora. Wakafukuzwa. Karibu na kibaraza cha Zuwena pikipiki ikateleza, abiria akaruka, akapotelea kwenye mihogo.

"Mwishehe hakukimbia," Zuwena alisema. "Mnajua kwa nini? Pikipiki haikuwa yake. Alikuwa anaiinua. Anawaambia, jamani, subirini, mimi dereva tu."

Jiwe la kwanza lilimpiga mgongoni. La pili lilimng'oa meno. Zuwena alivuka barabara mkasi ukiwa bado mkononi, akamlalia juu. Akapaza sauti kwamba huyu ni Mwishehe, mwana wa Chole, wanamjua. Na kweli walimjua. Mwanamke ambaye Zuwena alimshonea gauni la sikukuu ndiye aliyembamiza Zuwena tofali mbavuni. Wanaume walimkokota kwa nywele mpaka ngozi ikaachia, mmoja akamkanyaga taya, akalisikia likivunjika ndani ya masikio yake mwenyewe. Kutoka pale chini, katikati ya miguu ya watu, aliona wakichomoa mpira wa petroli kwenye pikipiki ileile. Aliliona tairi. Mwishehe alikuwa bado anaongea. Alimwita Zuwena kwa jina la utotoni, jina ambalo hata mumewe hajawahi kulijua, kisha sauti yake ikageuka, haikuwa tena sauti ya mtu.

"Maiti haikuosheka," alisema. "Walimfanyia tayamamu juu ya sanda. Mama yake aliomba ashike hata kidole. Hakikuwepo kidole. Gazeti likaandika wananchi wenye hasira kali. Wewe, kaka Melki, uliposoma gazeti lile, najua ulisema mtaa umepumua."

Mama Elinipa alikata uzi. Khalfani alikuwa ameshika kiganja chake kilichochanika, machozi yanamtoka bila aibu.

Melkiori hakuomba radhi. Alifungua vifungo vya shati polepole, akaligeuza bega. Kovu lilianzia shingoni likashuka hadi chini ya bega, pana kama mkanda, na mengine mawili yakalikata.

"Mapanga," alisema. "Waliingia dukani wakati nafunga. Mwanangu wa kike alikuwa kaunta. Walinikata mbele yake, wakamkata na yeye mkono aliponyoosha kunikinga. Alitokwa damu nikiwa nimemkumbatia, gari halipatikani. Alikufa hapohapo kwenye mifuko ya saruji. Hawakukamatwa. Hata mmoja." Alifunga vifungo. "Kwa hiyo kila nikisikia kachomwa mwizi, nasema labda ni mmoja wao. Nikisema hivyo, nalala."

"Mwishehe alikuwa mmoja wa hao waliochomwa ukalala," Zuwena alimjibu.

"Ndiyo. Nimesikia."

Aliondoka bila kuaga, damu imemganda shingoni. Zuwena alikwenda nyumbani akiamini kwamba baraza lile limekufa. Lakini Mama Elinipa aliwapigia simu wote, mmoja mmoja, kwa ukali: kitabu hakijaisha, na aliyeanza kukisoma atakuja kukimaliza.

Kabla ya mkutano mwingine, jambo likatokea Mailimoja, mchana kweupe. Mtu mmoja aliingia dukani kwa Melkiori akajifanya anauliza bei ya rangi, akatoka na mashine ya kutobolea ukuta chini ya shati. Kibarua akaona. "Mwizi!"

Zuwena alikuwa anashona lisani ya suruali ya shule. Alilisikia neno, akasikia na mlio ule unaofuata, mlio wa miguu mingi inayokimbilia sehemu moja. Mguu wake uliganda kwenye pedeli. Alijiambia inuka. Alijua la kufanya, aliwahi kulifanya. Badala yake akajikuta yuko chini ya meza, kwenye vipande vya kaki, magoti kifuani, ameng'ata kiganja chake mwenyewe. Alikaa pale mpaka kelele zikaisha. Hakuona chochote.

Yaliyotokea aliyasikia kwa wengine. Madereva wa pikipiki walikuwa wamemfikia yule mwizi, wakamwangusha, wakaanza kumponda kwa mateke na fimbo, mmoja ameshakwenda kutafuta tairi. Melkiori alipasua katikati yao kama ng'ombe anavyopita kwenye mahindi, akamvuta mwizi kwa mguu, akamwingiza dukani, akashusha geti la chuma, akafunga kufuli kwa ndani. Umati ukamgeukia yeye. "Mtoe! Mtoe, nawe tutakuchoma!" Mawe yalivunja vioo vyote. Kipande cha tofali kilipita kwenye nondo za geti kikamchana sikio. Hakufungua mpaka gari la polisi lilipofika.

Barazani kwa Mama Elinipa, Melkiori aliingia sikio limefungwa bandeji, kovu jipya juu ya nyusi bado jekundu.

"Shikamoo, mama," alisema, akakaa mbali kidogo na Zuwena. Kisha akamwambia, bila kumtazama: "Yule mtu yuko hai."

"Nimesikia. Ahsante, kaka."

"Usinishukuru. Kule ndani nilichukua kipande cha nondo nikamvunja mkono. Wa kulia. Alikuwa anatambaa kwenye mifuko ya saruji, palepale, nikashindwa kujizuia. Mara ya pili nilipokiinua, nikakiweka chini bila kumpiga. Sijui kwa nini nilikiweka."

Taya la Zuwena lililoungwa vibaya lilikuwa likimuuma kila baridi ikija, na siku ile lilimuuma.

"Na mimi nilijificha," alisema. "Nilisikia yote, nikajificha chini ya meza kama kuku. Khalfani, mdogo wangu, ulisema Sudi ni mwoga."

Khalfani alitazama kiganja chake. "Nilisema hivyo, dada."

"Na mimi nilikubali moyoni. Nilimchukia Sudi kitabu kizima, nikajiona mimi ni bora kuliko yeye, kwa sababu mimi nilitoka." Akakigeuza kitabu mikononi. "Sasa namwona tofauti. Mtu anaweza kutoka siku moja, siku nyingine miguu ikamkatalia. Haina maana kwamba hakumpenda Kilua."

Mama Elinipa alimwomba asome sura ya mwisho kwa sauti. Akasoma. Sudi, sasa mzee, anarudi kwenye mashamba ya mkonge, anakuta gala limebomolewa, anawaeleza wajukuu zake mtu anayeitwa Kilua alivyokuwa akicheka. Alipofika kwenye kicheko, sauti ya Zuwena ilikatika. Melkiori alikichukua kitabu mkononi mwake akaendelea, kwa lafudhi yake nzito, akijikwaa kwenye maneno marefu, mpaka mwisho.

Hawakupeana mikono. Hawakuwa marafiki siku ile, na pengine hawajawa hadi leo. Ila walibaki wote wanne, na Mama Elinipa akauliza mwezi ujao wasome nini.

"Chochote," Zuwena alisema, akipangusa macho kwa ncha ya mtandio. "Ila mama, nakuomba, kiwe ambacho watu wanakufa kwa uzee."

Mama Elinipa aliingia ndani akapekua kabati zima, rafu kwa rafu, wakimsikia akikohoa vumbi. Alitoka mikono mitupu.