Chozi la Picha ya Kihindi

Juzi, kwenye foleni ya zahanati ya Mnero, wanawake walikuwa wakisimulia picha ya Kihindi iliyoonyeshwa Nachingwea na gari la sinema, kwenye shuka jeupe. Hakuna aliyejua neno la Kihindi, lakini kila mmoja alikuwa na lake la kusema juu ya yule mama wa kwenye picha aliyefiwa na mtoto.

Mmoja alikaa kimya, macho kwenye kanga yake. Wifi yake akamgeukia na kupiga makofi ya mshangao.

"Jamani, huyu kazika mwanawe juzi juzi tu, hakutoa hata chozi! Msiba mzima jicho kavu, mpaka watu wakasema kamroga mwenyewe. Kumbe machozi kamwekea Mhindi wa kwenye shuka, kalia picha nzima!"

"Wifi, hapa kuna wagonjwa."

"Nakuuliza, kati ya mwanao na yule Mhindi, ulimzaa yupi? Kaka yangu lazima alijue hili. Atakurudisha kwenu Nandagala."

Mwanamke akafunga kanga upya, taratibu.

"Msibani mlinizunguka, mnanichungulia usoni muone kama nitalia. Kwenye picha kulikuwa giza, na nyote mlikuwa mnawatazama Wahindi."

Wifi akatema mate pembeni.

Mnaoniuliza picha ya lugha tusiyoijua ina faida gani, mimi sikusoma, kamuulizeni yule mfiwa. Ila fanyeni haraka. Nasikia mzigo wake wa Nandagala umeshafungwa.