Bihogo, Ng'ombe wa Ziwani

Watu wa Musaga, mtaani kwetu Bujumbura, wakiniuliza shemeji yangu Hugues ni mtu wa namna gani, huwajibu kwamba si mtu mbaya, na hapo ndipo ubaya wenyewe ulipo. Mtu mbaya tungemkimbia mapema. Hugues hanywi kupita kiasi, hakuwahi kumwinulia mkono mdogo wangu Candide tangu amwoe, na akikuambia jambo la kipuuzi kabisa analisema kwa upole hadi unajikuta umenyamaza. Mimi Scholastique sinyamazi kirahisi. Nauza lengalenga, yaani mchicha, sokoni, mdomo ndio mtaji wangu. Lakini hata mimi aliniweza.

Mambo yalianza kwa mchezo. Jumapili moja baada ya misa tulikuwa uani kwangu tukila ndizi na ndagala, dagaa wa ziwa letu, mume wangu Loïc akauliza: kama pesa si shida, kama una jumba kule Kiriri na kiwanja kisichoisha, ungefuga mnyama gani? Yeye alitaka farasi, ambaye hajawahi kumwona ila kwenye televisheni. Candide alitaka kijibwa cheupe chenye manyoya, kilale naye kitandani. Nikamwuliza mumewe atalala wapi, tukacheka. Mimi nilisema kuku, maana sioni faida ya kulisha kitu ambacho hakitaingia sufuriani.

Ilipomfikia Hugues, hakucheka.

"Mi nitafuga ngombe," akasema. "Inyambo. Moya tu, ya mapembe marefu."

"Ngombe mu Musaga?" Loïc akamwuliza. "Italala mu saloo?"

"Si umesema feza si shida? Basi mi najibu."

Alikuwa hatanii. Hugues alizaliwa kwenye milima ya Mugamba, kwenye baridi na majani mabichi, na baba yake alikuwa na ng'ombe. Kila mmoja alikuwa na jina lake, na jioni mzee alikuwa akiwaita kwa majina yao, akiwasifu mmoja mmoja, huku akiwalambisha chumvi kiganjani. Vita ikaja, ng'ombe wakachukuliwa wote. Hugues alikuwa mdogo bado. Alipokua akateremka Bujumbura, akabeba magunia bandarini mpaka mgongo ukamkataa, kisha akawa zamu, akilinda nyumba za wenye nazo. Lakini yale majina hakuyaacha. Alikuwa akiyataja akioga, akiyataja akifunga kamba za viatu. Candide alizoea kusema kwamba aliolewa akakuta wake wenza wenye pembe.

Kisha akapata kazi Kibenga, kando ya ziwa, kwenye nyumba iliyoingiliwa na maji. Ziwa lilipopanda, mwenye nyumba alihamia mlimani na familia yake, akamwacha Hugues alinde milango, madirisha na mabati yasiibwe. Chini kulikuwa na maji ya kufika magotini. Hugues akahamia barazani ghorofani, usiku na mchana, akija nyumbani Jumapili tu. Nusu ya bustani ilikuwa ziwa, nusu nyingine majani yakaota yanavyotaka. Na jioni, kiboko akawa anatoka majini kuja kuyala.

Siku za kwanza Hugues alijifungia ghorofani kama mtu mwenye akili zake. Kisha akaanza kumtazama. Akaona anakula taratibu, anasogea taratibu, na mgongo wake ukiwa na maji una wekundu mzito, rangi ileile ya ng'ombe wa baba yake aliyeitwa Bihogo. Akamwita kutoka juu kwa Kirundi, aje: "Bihogo, ngwino!" Kiboko akainua kichwa.

Kesho yake akamwekea maganda ya ndizi na chumvi kwenye beseni chini ya ngazi. Yakaliwa.

Hapa nataka nieleweke. Hakuna mtu wa mji huu asiyejua kiboko ni nini. Hata mtoto wa shule anajua kwamba anaua, na kwamba husimami kamwe kati yake na mahali anapotaka kwenda. Mvuvi akimwona anakaa kimya na kumwomba Mungu. Hugues alijua yote hayo. Lakini ndani yake kulikuwa na sheria nyingine, ya kule Mugamba: mnyama uliyempa jina, akalamba chumvi yako, huyo ni wa nyumbani, na wa nyumbani hawadhuru wenziwe. Ni mtoto wa wafugaji peke yake anayeweza kumtazama kiboko akaona ng'ombe aliyekosa pembe.

Mimi sikuogopa kwa ajili yake. Mtu mzima akitaka kujiua kwa mapenzi yake, shauri yake. Niliogopa kwa ajili ya Candide, kwa sababu ndiye aliyempelekea chakula kila siku alasiri, na njia ya kufika kwenye ile nyumba ilikuwa kichochoro kimoja tu, ukuta upande huu, maji upande ule, upana wa mtu mmoja na mzigo wake.

Nilishuka Kibenga nikaone kwa macho yangu. Tulikuwa ghorofani watatu, mimi na Candide na mumewe, jua halijazama, Hugues akaita kwa ile sauti yake ya upole. Maji yakafunguka. Alipotoka, alitoka tu, bila haraka, akapita kwenye geti la chuma lililokuwa nusu wazi, na geti likang'oka na kulala chini. Hakulisukuma kwa hasira. Sidhani hata alilihisi. Nilisikia pumzi yake kutoka huko juu nilikokuwa.

"Umeona?" Hugues akaniambia, anatabasamu. "Anajua jina lake."

"Shemeji, hii nyama itaniulia mutoto wa mama yangu."

"Apana, shemeji. Mutu wa mu nyumba yangu, Bihogo haiwezi kumugusa."

Nikamgeukia mdogo wangu. "Na weye unaamini?"

"Inamujua, dada," Candide akasema. "Kila siku inakuya."

"Inamujua yeye. Weye inakujua?"

Candide akaanza kukunja kitambaa cha kufunikia chakula. Alikuwa anampenda mumewe, na katika ndoa yao nzima hakuwahi kumwona na furaha kama ile. Ningefanya nini? Nilimwambia asiende tena, akaniitikia, na kesho yake akaenda. Akaja hata kwenye meza yangu sokoni kuniomba majani yaliyonyauka ampelekee ng'ombe. Nilimnyima. Akaomba kwa wenzangu.

Jirani wa mwisho pale Kibenga akahamisha mbuzi wake. Kiboko akawa anatoka mapema zaidi, jua bado liko juu, kwa sababu alijua kuna chumvi. Akajifunza kile kichochoro, akawa anapita hapo kwenda kula majani ya barabarani na kurudi akiitwa. Hugues aliniambia habari hizo kama mzazi anayesimulia mtoto aliyeanza kutembea. Mimi nilikuwa siku hizo silali vizuri. Kila simu ikilia baada ya alasiri, naikimbilia, wateja nawaacha wamesimama.

Siku yenyewe mafuta hayakuwapo mjini. Mabasi yalikuwa yamesimama kwenye foleni za vituo, na Candide akateremka kutoka Musaga kwa miguu, sufuria ya maharage kichwani. Alifika giza likiwa linaanza kuingia.

Yaliyofuata Hugues alinisimulia mwenyewe, usiku uleule nje ya hospitali, na sijayasikia kwa mtu mwingine. Alikuwa barazani. Akamwona Candide anakuja kichochoroni, na nyuma yake, kule mwanzo wa njia, Bihogo anakula majani, kichwa chini. Kiboko hakuwa amemwona Candide. Candide naye alikuwa hajui kitu, anatembea tu. Zilibaki hatua chache afike kwenye ngazi. Kama Hugues angenyamaza, wewe unayesoma na mimi tunajua mdogo wangu angefika.

Lakini alitaka kumwokoa. Alitaka mnyama amtazame yeye, asimtazame mkewe. Akafanya kitu pekee alichokuwa na uhakika nacho duniani. Akaita.

Bihogo akainua kichwa, akaja. Alikuja moja kwa moja, kwa utii wote, kwenye njia yenye upana wa mtu mmoja.

Candide alifariki kabla ya kufika kwa daktari. Tulimzika, na sitaki kueleza zaidi.

Baada ya mazishi, watu wa mazingira walikuja na askari mwenye bunduki. Walitutaka sisi wa familia twende nao ufukweni asubuhi, kwa sababu viboko walikuwa kadhaa pale, na hawakuruhusiwa kupiga yeyote tu. Walimtaka mtu anayemjua yule mmoja. Tukasimama mimi na Hugues karibu na afisa wao. Majini tuliona masikio na pua tu, yametulia. Afisa akamwuliza taratibu, kwa heshima ya mfiwa, ni yupi.

Hugues alitazama kwa muda mrefu. Nilimwona macho yake yanatua mahali pamoja na kukaa hapo.

"Apana, afande," akasema. "Haiko humu."

Nilimchukia wakati ule. Nasema wazi, nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia binadamu. Nikainua kidole nimwonyeshe yule mnyama, lakini sikujua nielekeze wapi, maana mimi nilimwona mara moja tu, na kwangu vile vichwa vyote vilikuwa kimoja.

"Una hakika?" afisa akauliza. "Angalia tena, baba."

"Nina hakika. Ile ilikuwa ingine. Imeshaenda."

Kati ya vile vichwa, kimoja kikaigeukia sauti yake, kikatutazama. Kisha kikaanza kuja, taratibu, maji yakigawanyika mbele yake, kikielekea hasa pale tulipokuwa tumesimama. Askari akarudi nyuma hatua moja na kuinua bunduki.

"Kwa nini inakuya huku?" afisa akauliza.

Hugues alikuwa ameziba mdomo wake kwa viganja viwili, anaubana kwa nguvu zote, machozi yakimpita kwenye vidole.