Jina la Mama Mapacha

Ninafanya kazi katika hifadhi ya nyaraka hapa Stockholm, na nina hasira zangu. Kwenye picha za kale ninazozipanga, mbwa ana jina, farasi ana jina, lakini Mweusi aliyemshika farasi hatamu ameandikwa "asiyejulikana". Niliapa kwamba picha zetu wenyewe, sisi Waafrika wa hapa, hazitaingia humo kwa mtindo huo.

Nilipopewa mkanda wa video wa harusi yetu moja iliyofanyika zamani Norsborg, pembezoni mwa jiji, nilirukaruka ofisini hadi bosi akachungulia. Nikaomba ukumbi, nikaalika waliokuwepo harusini, nikawasha projekta. Uso ukitokea, wao wataje jina, mimi niandike. Kazi nyepesi!

Thubutu. "Jamani, Mama Mapacha huyo! Tazama kiuno!" Ukumbi ukalipuka. Mwanamke mwenye sinia la pilau kichwani alikuwa akicheza bila kulishika, na ndiye aliyepika katika harusi zetu zote. Nikauliza jina lake mwenyewe.

Kila mtu akamgeukia mwenzake.

"Aki, hata mimi sijui," akasema shoga yake Mkenya, aliyekaa naye jengo moja miaka na miaka.

"Mais, ni Mama Mapacha tu!" akasema Mkongomani mmoja kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kifaransa, akishangaa swali lenyewe.

Nilicheka huku nataka kulia. Kwa utaratibu wa ofisi yetu, bila jina lake angekuwa "mwanamke asiyejulikana", na mwandishi safari hii ningekuwa mimi.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Mapacha mwenyewe na koti lake zito; treni ya kutoka Sundbyberg ilikuwa imemchelewesha. Ukumbi mzima ukamvamia: "Jina lako nani?"

"Mmerukwa na akili nyie?" akauliza.

Nikamweleza. Akavua kofia ya sufu, akakaa wima, akataja jina lake, la baba yake na la babu yake. Wanawake wakapiga vigelegele, kisha wote wakanizonga wakitaka na yao yaandikwe, kalamu ikanitoka mkononi. Sijawahi kuipenda kazi yangu namna ile.

Zogo lilipotulia akanisogelea. "Hebu niite, nisikie."

Nikamwita kwa jina lake.

"Abee!" akaitika kwa sauti ya kitoto, akajiziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Tangu mama afariki, hakuna aliyeniita hivyo. Niite tena, mwanangu."

Nikamwita tena.