Kahawa ya Mama Mkwe Kwenye Kochi Letu

Doa limetoka. Hiyo ndiyo shida yenyewe.

Leo mama mkwe kashuka kutoka Kalinzi na kahawa ya shambani kwake. Nikaichemsha, nikammiminia, akaketi kwenye kochi letu la rangi ya udongo.

Kikombe kikamponyoka.

"Yebaba wee, mwanangu!"

"Haina shida, mama."

(Shida ilikuwepo. Wanajumuiya walikuwa njiani kuja kusali kwetu.)

Sikusugua, maana ukisugua kahawa inazidi kuzama. Nikagandamiza kitambaa kikavu mpaka kikainywa. Kisha maji baridi yenye siki na sabuni kidogo, nagandamiza tena, taratibu.

Likatoka lote.

Mama mkwe akainama. Akaangalia pale, halafu akaangalia kochi zima.

"Kumbe kochi lenu ni jeupe?"

Hata mimi nilishasahau. Vumbi la Kigoma halina haraka.

Mara hodi mlangoni. Mama mkwe akachukua kitambaa cha kufuma mezani, akakitandaza vizuri juu ya pale pasafi, akaenda kuwafungulia wageni.

Nishaurini, jamani: nifue kochi zima, au nimwongezee mama kahawa?