Kola ya Baba

Kila nikipita kwa mafundi cherehani wa Bondeni nikasikia harufu ya pasi ya makaa juu ya kitambaa chenye maji, narudi kuwa mtoto wa kaptula yenye matundu mawili nyuma, makubwa hata ng'ombe angepita bila kuinama.

Mwalimu alikuwa amesema Jumatatu nisikanyage darasani hivyo. Jumapili nikamkuta mama na shati la baba mapajani. Baba alikuwa ameenda Longonot kutafuta kazi, na kwa hesabu yangu alikuwa amekaa huko miaka elfu. Kila Jumamosi mama alilifua shati hilo, akalipiga pasi, akalirudisha msumarini. Sasa alikuwa amelikata mkia, ile sehemu inayochomekwa ndani ya suruali, ili aushone uwe kola mpya.

"Mama, si hicho kitambaa uniwekee kiraka?"

"Hiki ni cha baba yako."

"Na si hayuko?"

"Akuje apate kola imeraruka?"

"Lakini nani aliivaa mpaka ikararuka?"

Aliukata uzi kwa meno, akanitazama kama mtu aliyeulizwa hesabu ngumu. Kisha akachukua sketi yake nyekundu ya kanisa, akakata pindo, akanishonea viraka viwili.

Jumatatu niliingia darasani nikiwaka nyuma kama taa za lori. Nilikuwa na furaha, ila lile swali lilikuwa bado linanizunguka kichwani.

Jumamosi nikamkuta ameinamia karai, anaisugua kwa nguvu kola mpya ambayo haijagusa shingo ya mtu.