Picha ya Ziwa la Juu

Mchana ule mto ulipungua. Mwezi wa saba, barafu ikiyeyuka, ndipo mto wa Gojal, kaskazini mwa Pakistani, hufurika; lakini Gulnama aliyaona mawe ya katikati, yale yanayoonekana majira ya baridi tu. Kuna kitu kilikuwa kimeziba maji huko juu. Kikiachia, nyumba za bondeni zingekwenda zote, na ya mama mkwe wake ndiyo ya kwanza.

Yeye ndiye mtunza ofisi ya kamati ya kijiji: kufungua, kufagia, kuangalia kwenye kompyuta kamera ya ziwa la juu, mto unakoanzia. Leo ukurasa wa kamera ulikuja mweupe. Kivinjari, programu ya kufungulia mtandao, kilikuwa kimezeeka, kikagoma.

"Mjomba, tangaza tu watu wapande," alimwambia Sifat, mwenyekiti.

"Kama mwaka jana? Ulitulaza mlimani kwenye mvua, mto ukapita zake kimya. Mpaka leo wananicheka. Nionyeshe picha, binti yangu. Bila picha hapandi mtu."

Akapakua kivinjari kipya. Faili lilikuwa dogo, likashuka upesi. Kumbe lilitumwa tu kwenda kuuleta mzigo wenyewe mtandaoni. Mzigo ulifika robo, mtandao ukakatika. Akarudia, ukakatika tena. Akageukia duka la programu lililomo humo kwenye kompyuta. Likataka neno la siri, na kijana aliyeliweka yuko Karachi, simu haipatikani.

"Chai imepoa," Sifat alisema, lakini macho yake yalikuwa mtoni.

Gulnama akakimbia kwa Nadir, mpiga picha za harusi.

"Nipe kivinjari kizima, kisichohitaji mtandao."

"Kwa kompyuta ile? Ile ya kuzikwa, shemeji." Alikuwa ameshachomeka flashi. "Nimekuwekea viwili. Cha kusakinisha, na hiki kingine hakisakinishwi, unakifungua humo humo kwenye flashi."

Ofisini, cha kwanza kiliuliza neno la siri lile lile. Akafungua cha pili.

Dirisha likafunguka. Picha ilishuka polepole kutoka juu: anga, barafu, kisha tope zito lililoziba pale maji yanapotokea. Ziwa lilikuwa limeupita mwamba uliopakwa rangi nyekundu, alama ya hatari.

Sifat aliweka bakuli la chai chini, akakishika kipaza sauti mwenyewe. Gulnama alikuwa ameshatoka.

Mama mkwe alikuwa juu ya paa akigeuza matunda ya aprikoti aliyoyaanika.

"Umeona kwa macho, au umeota tena?"

"Nimeona, mama."

"Basi shika kikapu hicho."

"Kiache."

Mama mkwe alimtazama usoni, akashuka.

Walikuwa kwenye kona ya mwisho ya njia ya mlimani mngurumo ulipofika, kisha maji. Paa lilikwenda zima na aprikoti zake.

"Kikapu kimoja tu tungebeba," mama mkwe alisema, mkono wake ungali umeng'ang'ania shali ya Gulnama.