Saga Iliyokauka

Harufu ya saga, ile mboga chungu ya kienyeji, haitoki mkononi hata uoge na sabuni ya kipande. Leo nimepalilia ile bustani ya chuo, iliyopandwa kumkumbuka mwalimu aliyefundisha hapa, na ile harufu ikanirudisha utotoni, mtaa wa Ziwani, nyuma ya nyumba yake.

Alikuwa jirani yetu. Siku hiyo aliniambia ning'oe magugu katikati ya saga zake. Nikajiona mkulima, na kwetu hata sukuma tulinunua ikiwa imekatwa. Nikang'oa mmea mmoja mrefu uliokauka, nikaukokota mpaka mlangoni nikingoja sifa.

"Wee msichana, huo nimeachia mbegu," akasema polepole. "Mbegu alizonipa nyanya yangu, kutoka nyumbani. Sina ingine."

Nikalia. Akatandika leso, tukapasua maganda. Mengi yalikuwa yamemwaga mbegu njiani. Zilizobaki hazikujaza kifuniko cha soda.

"Hizi zinatosha mtaa mzima," akasema. "Na utapanda wewe."

Shule ilinishinda form two, lakini hapa chuoni ninapotunza bustani, wanafunzi hunifuata kama vifaranga. Mmoja ameshika mmea uliokauka.

"Auntie, hii imekufa. Ning'oe?"

"Ngoja," nikamwambia, nikafungua leso kiunoni.